Siri ya hema lisilong'oka katika theluji

Na MWANDISHI WETU

KWA Wakenya wengi, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Ama huonekana kwenye runinga, ama huonekana alfajiri mawingu yanapojitenga na vilele vya Mlima Kenya vikang'aa mbele ya wakazi wa Nanyuki na Nyeri.

Hata hivyo, kila mwaka kuna watu wengi wanaoupanda mlima huo wakiandamana na waongozaji, wapishi na wapagazi. Baadhi yao hulala kwenye mahema, mahali ambapo mvua ya jioni hugeuka theluji kabla ya usiku wa manane.

Hapo ndipo mtu hugundua kuwa ujuzi wa kupiga hema alioupata kandokando ya Ziwa Naivasha haumfai kitu. Kigingi kilichokita imara katika udongo wa bondeni, kikichomekwa kwenye theluji, huweza kung'olewa kwa kidole kimoja.

Kanuni ya kwanza ya kupiga kambi kwenye baridi hiyo ni nyepesi kukariri. Theluji haishiki kitu kilichosimikwa. Hushika kitu kilichozikwa, tena baada ya kupewa muda wa kuganda. Anayeielewa kanuni hii atalala. Anayeipuuza huenda akalala nje.

Hema lililopotea gizani

Kulala nje si jambo la mzaha. Katika nchi ya joto, hema likipeperushwa mtu hulowa akasubiri kuche. Kwenye theluji, hema ndilo nyumba, ndilo blanketi na ndilo jiko, kwa kuwa bila kinga ya upepo ni vigumu mno kuwasha moto wa kuyeyushia theluji ya kunywa.

Kisa kimoja cha Antaktika kinaonyesha ukweli huu kuliko vingine. Mnamo Juni 27, 1911, Waingereza watatu waliokuwa katika msafara wa Kapteni Robert Scott waliondoka kambi yao ya Cape Evans wakiburuta sleji kuelekea Cape Crozier. Walikuwa Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard.

Nia yao ilikuwa kutafuta mayai ya pengwini aina ya emperor, ambao hutaga katikati ya majira ya baridi kali. Ilikuwa ni wakati ambapo jua halichomozi kabisa kusini mwa dunia, na kuna siku walipopima baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi.

Walipofika walijenga kibanda cha mawe na kukiezeka kwa turubai, kisha wakapiga hema lao kando yake. Mnamo Julai 22 dhoruba ilivuma, ikalizoa hema na kutokomea nalo gizani. Siku iliyofuata turubai la kibanda nalo lilichanika vipande vipande.

Watu hao watatu walibaki katika mifuko yao ya kulalia, theluji ikiwafunika, wakiimba nyimbo ili kila mmoja ajue kuwa wenzake wangali hai. Walifahamu fika kwamba bila hema hawangeweza kurejea Cape Evans, umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Dhoruba ilipotulia walianza kupapasa gizani. Bowers ndiye aliyeliona hema, likiwa limeangukia chini ya mteremko karibu nusu maili kutoka kambini. Lilikuwa limejifunga kama mwavuli, na halikuwa limeharibika kiasi cha kutotumika.

Katika safari ya kurudi, Bowers alikuwa akijifunga kamba iliyounganishwa na hema kila alipolala. Aliazimia kwamba likipeperushwa tena, litakwenda naye. Walifika Cape Evans mnamo Agosti 1 wakiwa na mayai matatu. Cherry-Garrard alikisimulia kisa hicho katika kitabu alichokichapisha mwaka 1922.

Kwa nini theluji hudanganya

Theluji mpya ni hewa zaidi kuliko maji. Mita moja ya ujazo ya barafu ngumu ina uzito wa zaidi ya kilo 900, ilhali kiasi hicho hicho cha theluji kavu iliyoanguka usiku huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 100 pekee. Kigingi chembamba kikipigwa humo hakikuti kitu cha kukibana.

Lakini theluji ina tabia moja ambayo mchanga na udongo havina. Ikikorogwa na kukanyagwa, chembe zake hukaribiana, na pale zinapogusana huanza kuunganishwa na vijidaraja vya barafu. Baada ya muda, kile kilichokuwa unga huwa tofali.

Kwa kawaida kazi hiyo huchukua kama nusu saa, ingawa hutegemea hali ya theluji na kiwango cha baridi. Theluji yenye unyevu hushikana haraka. Ile kavu, katika baridi kali sana, huhitaji subira zaidi. Hii ndiyo sababu anayezika nanga zake na kuzivuta papo hapo huona zote zikitoka, ilhali mwenzake anayekwenda kwanza kuchemsha chai hurudi akazikuta zimeshika kama zilizojengewa kwa saruji.

Adui wa pili ni upepo. Nguvu yake haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Katika usawa wa bahari, upepo wa kilomita 50 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba ya kitambaa kwa uzito wa takriban kilo 12. Ukifika kilomita 100 kwa saa, uzito huo huwa karibu kilo 48.

Ni kweli kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 5,000, upepo wa mwendo huo huo huwa na takriban asilimia 60 ya nguvu ulizo nazo pwani. Lakini asitokee wa kujifariji kwa hesabu hiyo, maana huko juu upepo huvuma kwa kasi zaidi na hakuna miti ya kuupunguza.

Kuchagua mahali

Hema huanza kulindwa kabla halijatolewa mfukoni. Mgongo wa mlima hupigwa na upepo kutoka pande zote. Shimo au bonde dogo nalo hukusanya hewa baridi, kwa kuwa hewa hiyo ni nzito na huteremka usiku kama maji. Mahali pazuri ni tambarare iliyoinuka kidogo kuliko sakafu ya bonde, iliyokingwa na mwamba au kilima.

Hata hivyo, kuna tahadhari. Upande wa nyuma wa mwamba, ambako upepo hautui, ndiko theluji inayopeperushwa hutua na kurundikana. Anayelibandika hema lake pale ukutani huenda akaamka akiwa amezikwa. Ni heri kusogea hatua kadhaa.

Katika milima yenye theluji nyingi kama Alps na Himalaya, hatari kubwa zaidi ni maporomoko. Mengi huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Hakuna kigingi wala kamba inayoweza kuliokoa hema lililopigwa kwenye njia ya maporomoko, kwa hivyo mtu asilale chini ya mteremko wa aina hiyo hata kama papo tulivu namna gani.

Baada ya kupata mahali, kanyaga theluji. Vaa viatu, au mbao za kuteleza kama unazo, uikanyage sehemu iliyo kubwa kuliko hema lenyewe ili pawe na nafasi ya kuzunguka. Isawazishe kwa sepeto, kisha uiache igande. Asiyefanya hivyo hulala juu ya unga, na joto la mwili wake hutengeneza bonde litakaloganda likiwa na umbo la mgongo wake.

Nanga ya kuzikwa

Wavuvi wa Lamu na Vanga wanafahamu kuwa chombo hakizuiwi na mti uliosimikwa majini, bali huzuiwa na nanga iliyozama mchangani. Hema la thelujini nalo huhitaji nanga.

Nanga hii haihitaji fedha nyingi. Huweza kuwa kigingi kirefu, fimbo ya kutembelea, kipande cha mwanzi, jiwe, au mfuko uliojazwa theluji. Kinachotakiwa ni upana, ili kitu hicho kisukumane na theluji nyingi kwa wakati mmoja.

Mfuko wa kitambaa au gunia dogo ndilo chaguo bora kwa msafiri wa Kenya. Ni mwepesi ukiwa mtupu, na hujazwa theluji iyo hiyo iliyopo. Ikumbukwe kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kuingizwa katika mbuga za taifa, ukiwemo Mlima Kenya. Magunia madogo manane au kumi yaliyoshonwa nyumbani yanatosha hema la watu wawili.

Utaratibu wa kuzika nanga ni huu:

Kwanza, chimba mtaro mfupi wenye kina cha sentimita 30 hadi 50. Mtaro ukatize mwelekeo wa kamba, usiufuate. Kamba ikitoka hemani kuelekea mashariki, mtaro ulale kutoka kaskazini hadi kusini.

Pili, kata mfereji mwembamba kutoka katikati ya mtaro kuelekea hemani, ili kamba ipite humo ikiwa imelala. Kamba inayopinda juu ya ukingo wa mtaro huivuta nanga kwenda juu, na kuing'oa.

Tatu, zungushia kamba katikati ya nanga na uirudishe juu, ncha zote mbili zibaki nje. Usifunge fundo huko chini. Fundo lililozikwa huganda, na asubuhi halifunguki ila kwa kisu.

Nne, ilaze nanga mtaroni, fukia, kisha ukanyage. Ongeza theluji na ukanyage tena. Halafu iache. Zunguka ukazike nyingine, na utakapomaliza ya mwisho, ile ya kwanza itakuwa inakaribia kushika.

Tano, kaza kamba polepole baada ya muda huo kupita. Usiirushe wala kuishtua.

Iwapo theluji imegandamizwa na upepo hadi ikawa ngumu kiasi kwamba kiatu hakizami, vigingi vipana na virefu vinaweza kupigwa moja kwa moja. Vipigwe vikiwa vimeinamia upande usio wa hema, na vichwa vyake vifunikwe. Chuma kinachobaki wazi hunasa joto la jua, kikayeyusha theluji inayokizunguka na kulegea mchana wenye hema akiwa matembezini.

Panapo barafu tupu, kigingi cha kawaida hakiingii kabisa. Hapo hutumika parafujo za barafu, au kamba hufungwa kwenye miamba mikubwa.

Kamba na mafundo

Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pembamba. Kamba nyingi zinazouzwa pamoja na mahema ni fupi na nyembamba, kwa sababu zimekusudiwa nyasi na udongo. Kabla ya safari, zibadilishe kwa kamba imara zenye urefu wa mita tatu au nne kila moja.

Urefu una maana yake. Kamba ndefu hulala, ikaivuta nanga kwa upande, na theluji yote iliyo mbele ya nanga hushiriki kuizuia. Kamba fupi husimama na kuivuta nanga juu, ambako hakuna kitu cha kuizuia.

Funga kamba zote hemani ukiwa bado nyumbani. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kupenyeza uzi kwenye tundu dogo. Tia vitanzi vikubwa vinavyoshikika hata mtu akiwa amevaa glavu nene, na uchague kamba za rangi kali ili watu wasijikwae usiku.

Jifunze fundo moja tu, lakini ulijue hata gizani: lile linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kushika kamba inapovutwa. Hilo ndilo litakalokuwezesha kukaza bila kufungua. Kitambaa cha nailoni hunyooka kikilowa, kwa hivyo hema lililokuwa limenyooka saa kumi na mbili jioni huenda likawa limelegea kabla ya saa tatu. Zunguka ukaze tena kabla ya kulala.

Baadhi ya mahema ya baridi yana upindo mpana wa kitambaa unaoenea ardhini kuzunguka hema. Upindo huo hufukiwa kwa theluji, na hulifanya hema lishikiliwe mzunguko mzima badala ya pembe tu. Hema la Wilson na wenzake lilikuwa na upindo wa aina hiyo. Anayeufukia akumbuke kuacha mahali pa kupitisha hewa.

Kulisimamisha upepo ukivuma

Mahema mengi hupotea katika dakika tano za kwanza, kabla hayajawa mahema. Mtu hulitoa mfukoni, akaliachilia kidogo atafute nguzo, nalo likaenda zake.

Dawa yake ni kulifunga hema kabla ya kulifungua. Zika nanga moja upande unakotoka upepo, funga kamba ya hema hapo, ndipo ulitoe mfukoni. Upepo wenyewe utalikunjua. Iwapo hamna muda, mmoja alale juu yake huku mwenzake akiingiza nguzo, na mizigo mizito itiwe ndani mara tu mlango unapopatikana.

Ncha nyembamba ya hema ielekee upepo. Mlango uwe ubavuni. Ukiuelekeza kwenye upepo, theluji itaingia kila ufunguapo. Ukiuelekeza upande wa pili kabisa, theluji itarundikana hapo na kukufungia ndani.

Palipo na upepo mkali, jenga ukuta. Kata theluji ngumu kwa sepeto au msumeno ifanane na matofali, uyapange upande wa upepo hadi yakaribie kimo cha hema. Ukuta uwe umbali wa mita moja hadi moja na nusu kutoka hemani. Ukiwa karibu zaidi, theluji inayotua nyuma yake itakuangukia. Ukiwa mbali sana, upepo utauruka na kulipiga hema kama vile hapana kitu. Asiyetaka kujenga ukuta jioni hujikuta akiujenga saa nane za usiku, kwenye giza na dhoruba.

Theluji juu, hewa chini

Hema lililofungwa vyema linaweza kuua kwa njia mbili nyingine, na zote huja kimya.

Ya kwanza ni uzito. Sentimita 30 za theluji mpya huweza kuwa na kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita nne za mraba, iwapo halitelezeshi theluji hiyo, litabeba kilo 120. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Nguzo nyembamba za alumini hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa hivyo theluji ikianguka, ipigepige paa kutoka ndani mara kwa mara ili iteleze. Ikirundikana ubavuni, mmoja atoke aiondoe kwa sepeto, akiwa mwangalifu asikate kamba. Sepeto lilale hemani, si nje. Lililoachwa nje halitaonekana asubuhi.

Ya pili ni hewa. Theluji ikiziba pande zote, hema huwa chungu kilichofunikwa. Mtu akiwasha jiko humo, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hujikusanya. Haina rangi wala harufu. Ni hewa hiyo hiyo inayowaua watu mijini wanapolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Mnamo 1934, Admirali Richard Byrd wa Marekani, aliyekuwa akiishi peke yake Antaktika katika kibanda kilichofunikwa na theluji, alinusurika chupuchupu kufa kwa sumu hiyo iliyotoka kwenye vifaa vyake vya kupashia joto na umeme. Ilibidi wenzake wafunge safari gizani kwenda kumwokoa.

Pika nje, au kwenye ukumbi wa hema mlango ukiwa wazi. Tundu la hewa la juu lisifungwe hata kama baridi inauma. Anayeumwa na kichwa ghafla, akasikia kichefuchefu na usingizi mzito jiko likiwaka, atolewe nje mara moja. Wanaopanda milima mirefu huzoea kuilaumu miinuko kwa dalili hizo, na huko ndiko kudanganyika.

Hali ya milima yetu

Mlima Kenya na Kilimanjaro ina desturi zake. Kwa kuwa ipo karibu na ikweta, joto hupanda na kushuka kupita kiwango cha kuganda karibu kila siku. Theluji iliyoanguka usiku huyeyuka adhuhuri, kisha maji yake huganda tena magharibi.

Maana yake ni kuwa nanga iliyoshika kama chuma alfajiri huenda ikawa imelegea saa sita mchana. Wanaoacha mahema yakiwa yamesimama ili wakapande kilele wanapaswa kuzika nanga kwa kina zaidi, kuzifunika vyema na kuzikagua wanaporejea.

Jambo la pili ni kwamba theluji yetu mara nyingi ni nyembamba, na chini yake kuna changarawe. Katika kambi za Shipton na Mackinder, zilizo kwenye mwinuko wa karibu mita 4,200, kigingi hupita theluji kikagonga jiwe. Hapo mawe ndiyo nanga bora. Funga kamba kwenye jiwe la wastani, kisha uweke kubwa zaidi juu ya kamba mbele yake. Jiwe moja kubwa lililofungwa peke yake huweza kuisaga kamba linapotikiswa usiku kucha.

Juu zaidi, katika kasoko ya Kilimanjaro iliyo mita zipatazo 5,700, kuna wanaolala karibu na mabaki ya barafu ya Furtwängler. Barafu za milima hii miwili zimepungua sana tangu enzi za Hans Meyer aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, na Halford Mackinder aliyefika Batian mwaka 1899. Lakini kupungua kwa barafu hakujaondoa dhoruba. Theluji ingali huanguka, hasa katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Pia, Wakenya sasa wanakwenda mbali zaidi. Mei 2022, James Kagambi, mwalimu wa upandaji milima wa miaka mingi, alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, akiwa na umri wa miaka 62. Watakaomfuata huenda wakalala katika kambi ya South Col, kwenye mwinuko wa takriban mita 7,900, mahali panapojulikana kwa upepo wake.

Lipo neno pia kuhusu wapagazi. Katika misafara mingi, hema la mgeni hufungwa kwa uangalifu ilhali la wapagazi husimamishwa mwisho, giza likiwa limeingia, kwa vigingi vilivyobaki. Upepo haubagui. Kiongozi wa msafara ahakikishe kila hema lina nanga za kutosha kabla ya yeyote kuketi kula.

Mazoezi na kuvunja kambi

Anayejiandaa kwa safari ya namna hii hahitaji kusubiri theluji ili ajifunze. Mchanga mkavu wa ufuoni una udhaifu unaokaribiana na wa theluji mpya, kwani kigingi hakishiki humo. Nenda Diani au Watamu siku ya upepo, uzike nanga za magunia yaliyojazwa mchanga, uone ni ipi hung'oka. Kumbuka tu kwamba mchanga hautaganda kama theluji.

Asubuhi ya kuondoka, anza na upande usiopigwa na upepo na umalizie na ule unaopigwa. Toa nguzo huku hema likiwa bado limefungwa. Nanga hazitoki kwa kuvutwa. Zimekuwa sehemu ya barafu. Chimba kwa sepeto kando yake, mbali na kamba, kisha uzibandue kutoka chini. Ndiyo maana ncha mbili za kamba ziliachwa juu: nanga ikikataa kabisa, kamba hufunguliwa ikatoka.

Lakini usiiache nanga iliyokataa ila panapo hatari. Gunia, mwanzi na kigingi vinavyobaki havitaoza karibuni katika baridi ile, na theluji ikiyeyuka vitakuwa takataka kwenye mito inayowanywesha watu wa chini. Waswahili husema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Pasawazishe ulipolala, bomoa ukuta ulioujenga, hesabu vigingi vyako, kisha uteremke.